Mizigo ya Misionari na Mkewe: juu ya kitabu cha Barbara Kingsolver

Mtu anayehama, ukitaka kujua moyo wake, usimwulize maneno. Tazama mzigo wake. Mzigo wasema anakokwenda, na zaidi wasema anadhani atakuta nini huko. Neno hili tumelikumbuka tuliposoma kitabu cha Barbara Kingsolver, mwandishi wa Marekani, kiitwacho *The Poisonwood Bible*, kilichotolewa mwaka 1998. Kwetu wengi wanakijua kwa jina lake la Kifaransa, *Les Yeux dans les arbres*. Ni romani, si kitabu cha historia. Lakini yasimulia inchi yetu, tena katika miaka ile ambayo wazee wetu hawaisahau. Na habari yake ni ya mume na mke Wakristu walioacha kwao kwenda kuhubiri ugenini. Waseminari wanaojiandaa kutumwa hawana budi kuijua habari hiyo, wapate kupima lililo kweli ndani yake na lililopungua.

I. Habari kwa kifupi

Mwaka 1959 mhubiri wa Kibatisti, Nathan Price, atoka mji mdogo wa Bethlehem, katika jimbo la Georgia, pamoja na mkewe Orleanna na binti zao wanne: Rachel, Leah na Adah walio mapacha, na Ruth May aliye mdogo wa wote. Waenda kijiji cha Kilanga, kandokando ya mto Kwilu. Mto tunaujua, kijiji ni cha kubuniwa. Nia yao ni kukaa mwaka mmoja tu. Mwaka haujaisha vizuri, Uhuru waja tarehe 30 Juni 1960, na wenzao wa misioni wawaambia waondoke. Nathan akataa. Ruth May afa kwa kuumwa na nyoka tarehe 17 Januari 1961, siku ile ile aliyouawa Patrice Lumumba. Ndipo mama anyanyuka, agawa vyombo vya nyumba, na kuondoka kwa miguu pamoja na binti waliobaki. Mume abaki peke yake, na mwisho wake ni mbaya.

Mwandishi mwenyewe hakuzua kila kitu kwa mbali. Alipokuwa mtoto, mwaka 1963, alikaa muda katika Kongo, kwa kuwa baba yake alikuwa mganga. Amesoma pia habari za siasa za siku zile, hasa yale ambayo Baraza la Senati la Marekani lilichunguza na kuyafunua mwaka 1975 juu ya mipango ya kumwua Lumumba. Kwa hiyo romani hii yasimulia mambo mawili sambamba: nyumba moja inayovunjwa na baba anayedhani anaijenga, na inchi moja inayovunjwa na wale wanaosema wanaisaidia. Twasema mara moja kwamba mfano huu wafaa, wala haukulazimishwa.

II. Mizigo

Sehemu iliyo bora kupita zote, kwa maoni yetu, ni ile ya mwanzo, ya kufunga mizigo. Ndege yaruhusu kilo 20 hivi kwa kila mtu. Vitu ni vingi kuliko kilo. Basi wasichana wavaa nguo juu ya nguo, na chini ya nguo wafunga vyombo: mkasi, vikopo vya nyama, dawa, hata pakiti za unga wa keki, mama apate kuwapikia binti zake siku zao za kuzaliwa. Hivyo waingia Afrika wakiwa wanene kwa vitu, wakitembea kwa shida, wakitoka jasho. Msomaji acheka, kisha kicheko chake chakoma, kwa sababu aona kwamba ndivyo walivyovaa na mawazo yao pia. Na ule unga wa keki? Unyevu wa Kilanga waushika, wageuka mgumu kama jiwe. Siku ya kuzaliwa yafika, keki hakuna.

Nathan naye achukua mbegu za kwao mfukoni. Hapa mwandishi afanya kazi ya ufundi. Kwa maana mbegu si unga wa keki. Mbegu ni mzigo wa mtu anayekusudia kukaa na kulisha wengine. Nathan si mvivu wala mlafi. Lakini alima bustani yake sawasawa kama alivyolima Georgia, udongo umelala tambarare. Mama Tataba, mwanamke wa kijiji anayewasaidia nyumbani, amwonya: panda juu ya matuta, na tena, usiguse mti ule, una sumu. Hasikii. Mti wamchoma mkono na jicho. Usiku Mama Tataba amfanyia matuta, asubuhi ayabomoa. Mvua kubwa yaja, yachukua mbegu zote. Ndipo apiga matuta, kimya, bila kumshukuru mtu. Na hata hivyo, mimea yamea mirefu, yajaa majani, haizai. Wadudu wa kubeba chavua ya maua yale hawapo katika inchi ile.

Wasomaji wataona wenyewe kwamba huu ni mfano wa mpanzi, lakini umegeuzwa. Katika Evanjili mbegu ni moja, na swali ni la udongo: je, udongo utapokea? Kingsolver auliza kwa upande wa pili: je, mpanzi ameujua udongo? Maswali haya mawili hayapingani. Konsili ya Vatikano ya pili, katika hati yake juu ya kazi ya misioni ya tarehe 7 Desemba 1965, yaagiza kwamba wanaotumwa wajifunze lugha ya watu, historia yao, desturi zao na mpango wa maisha yao, kabla na hata baada ya kufika. Nathan hakujifunza lolote katika hayo. Alitoka kwao bila lugha, akafika, akahubiri siku ile ile ya karamu ya kumpokea, tena akawakemea wenyeji wake kwa mavazi yao, nyama ya mbuzi waliyomchinjia ingali mezani.

Kosa lake la lugha ndilo lililokipa kitabu jina lake. Kwa lugha ya kijiji, kama romani inavyoieleza, neno moja lamaanisha kitu cha thamani. Ukilitamka vibaya lamaanisha ule mti wenye sumu. Nathan ahubiri kila Jumapili kwamba Yezu ni mti wa sumu, na hajui. Tusicheke upesi. Kiswahili chetu nacho kina mitego yake. Ukisema kwamba Mungu alitupa Mwana wake, je, umesema ametupatia sisi, au amemtupilia mbali? Herufi ni zile zile. Aliyezaliwa na lugha hashindwi, kwa kuwa maneno yaliyo jirani yamwongoza; lakini mgeni aliyekariri sentensi hana jirani. Lugha haifundishwi na kitabu cha sarufi peke yake. Yafundishwa na watu wanaokupenda kiasi cha kukusahihisha. Na Nathan hakumruhusu mtu yeyote amsahihishe.

III. Mke ambaye hakuulizwa

Sasa tufike kwenye jambo zito. Orleanna, mke, aliitika lini? Kitabu kizima ni kilio chake juu ya swali hilo. Yeye ndiye anayefungua sehemu karibu zote, akisema na mtoto aliyekufa. Hakuna mahali mumewe alipoketi naye na kumwambia: nimesikia wito; wewe je, umeusikia? Alimtangazia safari kama vile bwana wa shamba anavyomtangazia mfanyakazi. Naye akafunga mizigo. Kwa nini alitii? Si kwa imani, asema mwenyewe kwa namna nyingi, bali kwa kukosa mlango.

Kitabu chatupa pia chanzo cha ugonjwa wa mume. Katika vita ya pili ya dunia Nathan alikuwa askari huko Filipino. Alijeruhiwa akaondolewa, wenzake wa kikosi walibaki wakafa katika safari ya kifo ya Bataan. Tangu hapo aamini kwamba Mungu amemwona mwoga. Basi hatoki nyumbani kwake kwa kuitwa. Atoka kwa kulipa deni, na mke na watoto ndio fedha anayolipia. Viongozi wa seminari wanaowachunguza vijana na wito wao wangefaidika na kurasa hizo. Siyo kila ari ni Roho Mtakatifu. Kuna ari inayotoka katika aibu, nayo yajulikana kwa alama moja: haikubali kusimamishwa.

Kanisa lafundisha kwamba kukubaliana kwa hiari kwafanya ndoa, wala hakuna uwezo wa kibinadamu unaoweza kukaa mahali pa hiari hiyo. Twauliza: mtu akiisha kuitika mbele ya altare, je, hiari yake imekwisha? La hasha. Safari ya kwenda ugenini kwa ajili ya Evanjili ni nira mpya, na nira ya watu wawili huvaliwa na shingo mbili. Tazameni Akila na Priska, mume na mke waliofuma mahema Korinto pamoja na Mtume Paulo, wakahamia Efeso, wakamfundisha Apolo nyumbani mwao. Agano Jipya lawataja mara sita, wala halimtaji mmoja bila mwenzake. Na katika mara hizo sita, nne jina la mke latangulia. Paulo hakuwa mtu wa kupanga majina ovyo. Kazi ilikuwa ya wawili, basi majina pia.

Kwetu jambo hili si geni. Katika shule nyingi za makatekista, katekista alipokelewa pamoja na mkewe, na mke naye alifundishwa. Waliozianzisha walijua kwamba mwanaume akitumwa peke yake huku mkewe akiburutwa nyuma, kijiji kitasoma uso wa mke kabla ya kusikia mahubiri ya mume.

IV. Kasoro za kitabu

Tumesifu, sasa yafaa tuseme bila woga yaliyopungua.

Kwanza, mshtakiwa hakupewa neno. Wanaosimulia ni watano: mama na binti wanne. Nathan hasimulii hata ukurasa mmoja. Twafahamu kusudi la mwandishi: mtu aliyewanyamazisha wote, naye anyamazishwe. Lakini hata katika baraza la wazee wetu, mwizi aliyeshikwa na mbuzi mkononi husimama na kusema neno lake, na baraza husikia mpaka mwisho. Kwa kuwa Nathan hana neno, mara kwa mara aacha kuwa mtu, awa kisanamu cha kupigwa mawe. Tungemwogopa zaidi kama tungalimsikia akisali usiku.

Pili, Wakongo wa kitabu hiki wasemeshwa na wengine. Mama Tataba, chifu Tata Ndu, mwalimu Anatole: wote twawaona kwa macho ya wasichana wa Kimarekani. Anatole, atakayemwoa Leah, ni mwema kupita kiasi. Hana kosa, hana hasira ya bure, hana hata mzaha mbaya. Mwandishi amemwogopa. Mtu wetu akichorwa bila dhambi, heshima hiyo ni ya mgeni anayekaribishwa sebuleni, si ya ndugu.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Siku moja, Nathan akiwa katikati ya mahubiri, Tata Ndu asimama kanisani na kutaka kura ipigwe. Wazungu, asema, wametufundisha uchaguzi. Basi tumchague Yezu au tumkatae. Kura zapigwa, na Yezu ashindwa: 11 kwa 56. Ukurasa huu wasifiwa na wasomaji wengi kwa ucheshi wake, na kweli wachoma. Imani haipigiwi kura. Lakini nani aliyewaonyesha watu wa Kilanga dini na serikali ya mzungu katika sanduku moja, kama si Wazungu wenyewe? Hapo mwandishi apiga penyewe.

Lakini baada ya hesabu, afunga ukurasa na kwenda zake. Sisi twabaki na swali: wale 11 ni nani? Ni mwanamke gani aliyetupa kura yake kwa Yezu mbele ya chifu, majirani wote wakimtazama? Kitabu chenyewe kilikwisha kutueleza, kwa kinywa cha Anatole, kwamba waliokuja kanisani kwa Nathan walikuwa hasa watu wa mikosi, wenye ukoma, waliotengwa na wengine. Basi hao walisikia nini katika mahubiri ya mtu asiyejua lugha yao, hata wakalishika? Walilipata licha yake. Hapa palikuwa na kitabu kingine, pengine kizuri kuliko hiki, na mwandishi amepita juu yake. Sisi tunaojua kwamba kumi na mmoja ndiyo hesabu ya Mitume baada ya Yuda kuanguka, hatuwezi kusoma hesabu ile kama kushindwa tu. Misioni za kwanza za Tanganyika zilianza hivyo hivyo, na watumwa waliokombolewa, watu wasio na ukoo wala kura.

Nne, tusikifanye kitabu hiki fimbo ya kuwapigia Waprotestanti. Kosa la Nathan si la Wabatisti peke yao. Na historia yatuzuia. John Harris na mkewe Alice walikuja Kongo mwaka 1898, mara baada ya ndoa yao, wakakaa Baringa. Mwaka 1904 Alice alimpiga picha Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo aliyeuawa kwa sababu ya mpira. Picha zile zilitembea Uingereza na Marekani, zikasaidia kuuangusha utawala wa Leopold. Sauti nyingi za kwanza zilizopaazwa juu ya maovu yale zilikuwa za Waprotestanti. Mke yule hakuburutwa nyuma ya mtu.

Mwandishi mwenyewe ameweka mfano mwema kitabuni: Fowles, misionari aliyemtangulia Nathan, aliyemwoa mwanamke Mkongo na kujua lugha, miti na ndege wa inchi. Huyu, akishika Barua kwa Waroma, amwambia Nathan wazo la kushangaza juu ya lile tawi lililopandikizwa: labda hapa ni sisi wageni tulio tawi, na shina ni la watu hawa. Nathan hakuelewa. Na Nathan huyo, ajabu, apenda vitabu vile ambavyo Waprotestanti huviweka kando. Sehemu mbili za romani zachukua majina yake katika Danieli, habari ya Beli na nyoka, na wimbo wa vijana watatu katika tanuru. Kwetu ni Maandiko kamili. Aliyasoma yote, lakini aliyatumia kama adhabu, akiwaandikisha binti zake aya 100 kwa kila kosa.

V. Mfano wa kwetu

Msomaji asije akafunga kitabu akisema: basi, nyumba ya Kikristu haiwezi kwenda ugenini bila kuangamia. Kando ya ziwa letu iko habari nyingine. Léopold Joubert, Mfaransa, aliyekuwa askari wa Papa, alikuja Tanganyika kuzilinda misioni na watu wao juu ya wawinda-watumwa. Alikuja na bunduki, na si kila tendo la bunduki laweza kusifiwa. Lakini hakuja kwa mwaka mmoja. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakao, mwanamke wa inchi, akakaa mpaka kufa kwake mwaka 1927. Mtoto wao Albert, aliyezaliwa mwaka 1908, akawa padri. Tarehe 28 Novemba 1964 aliuawa Fizi, siku moja na wamisionari Waksaveri watatu. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne Wenye heri.

Tulinganishe. Nyumba ya Price ilileta vitu vingi, ikakaa kidogo, ikamzika mtoto asiye na hatia ambaye hakuna aliyemwuliza. Nyumba ya Joubert ilishika inchi kwa ndoa, kwa lugha, kwa miaka, nayo ikatoa padri ambaye mwenyewe alijitoa. Vifo vyote viwili vyauma. Lakini mmoja ni mzigo wa baba uliomwangukia mtoto. Wa pili ni sadaka ya mtu mzima.

VI. Nani akisome?

Hatukishauri kitabu hiki kwa vijana wa seminari ndogo. Kina uchungu mwingi na hasira isiyotulia, na msomaji asiyekomaa atadhani kwamba kosa la mhubiri ni kosa la Evanjili. Kwa waseminari wa filosofia na teolojia twakishauri kwa nguvu, hasa sehemu tatu za kwanza. Ile miaka mingi ya mwisho, ambapo binti watembea huko na huko na kutoa hotuba za siasa, yaweza kusomwa kwa haraka.

Faida yake kwetu haiko nyuma, iko mbele. Leo mapadri wa Kongo wanatumwa Ubelgiji, Ufaransa, Italia na kwingineko, na walei nao wanakwenda, wengine mume na mke pamoja. Zamani tulikuwa wenyeji tukimtazama mgeni akishuka katika ndege na nguo juu ya nguo. Sasa ndege imegeuka, na anayeshuka ni sisi. Tutavaa nini chini ya nguo zetu? Tutasema nini siku ya karamu ya kwanza? Tukionyeshwa matuta na bibi kizee wa parokia ya Flandres asiyejua teolojia, tutayabomoa asubuhi?

Kwa walio na ndoa twaongeza neno moja. Kabla ya kuuliza kilo ngapi zinaruhusiwa, mume amwulize mkewe, na mke mumewe, mbele ya Mungu na mbele ya padri wao: wewe je, umeitwa? Jibu likiwa hapana, au likiwa bado, kubaki si kumkana Kristu. Kijiji cha kwanza cha misionari mwenye ndoa ni nyumba yake. Asiposikilizwa huko, au asiposikiliza, hana cha kupeleka ng'ambo.